Falsafa Katika Shahada ya Kwanza

Mwanafunzi anayechukua falsafa chuoni, iwe somo kuu au somo la pili kando ya sheria au uchumi, huanza na mantiki. Hupewa hoja kama hii: kila mkulima hulipa ushuru, Juma hulipa ushuru, kwa hiyo Juma ni mkulima. Hutakiwa aoneshe kasoro ilipo: wafanyabiashara nao hulipa ushuru, na huenda Juma ni mmoja wao. Zoezi hilo laonekana dogo, lakini ndilo linalomfunza wakili au mbunge wa kesho kukataa hitimisho lisilotokana na ushahidi. Baadaye hufuata maadili, nadharia ya maarifa na metafizikia.

Afrika Mashariki ina mchango wake katika fani hii, nao haustahili kusukumwa mwisho wa muhula. Henry Odera Oruka, aliyesomea Uppsala, Uswidi, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995. Wakati baadhi ya wasomi wakidai kwamba pasipo maandishi hapana falsafa, yeye aliwafuata wazee vijijini, akawahoji na kunukuu majibu yao. Hakutosheka na methali. Alimsaka mzee anayehoji mila za jamii yake mwenyewe na kutoa sababu. Mzee wa aina hiyo, mmojawapo akiwa Paul Mbuya Akoko, Oruka alimtofautisha na mjuzi wa mila tu. Mahojiano hayo yamo katika kitabu chake Sage Philosophy cha mwaka 1990. Wanaokisoma hubishana hadi leo: wazo ni la mzee, au la msomi aliyemuuliza?