Redio na Televisheni Ziwafikie Wote



Leo tunataka kuzungumza juu ya redio na televisheni, na wenzetu wenye ulemavu.

Tuanze na fedha. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa. Mwaka 2024 ikarudishwa. Je, habari kama hizi tunazipata wapi? Redioni na mikutanoni. Sasa kiziwi atazisikiaje? Fungu lake lipo, lakini tangazo halimfikii. Akija kuambiwa, muda wa kuomba umekwisha. Huko ni kukosa haki, hata kama hakuna aliyekusudia.

Televisheni nayo ina ugumu wake. Asiyeona husikia "tazameni hapa", asijue kinachotazamwa. Kiziwi humwona mkalimani wa lugha ya alama pembeni mwa kioo. Hilo ni jema. Wenzetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya Sirari, waliliweka katika sheria mwaka 2003. Lakini kiziwi ambaye hakupelekwa shule hazijui alama hizo. Anajua zile za nyumbani tu, anazoelewana na mama yake. Ndiyo maana tunasema: viziwi nao waandikishwe katika madarasa ya kisomo. Anayejua kusoma hata tangazo la ukutani litamfaa.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Sauti na maandishi vilikwenda pamoja. Utaratibu huo unafaa hata leo.

Basi tufanye hivi:

1. Tangazo muhimu la redio liandikwe, libandikwe kwenye ubao wa kijiji. Kisha mtu aende nyumbani kwa kiziwi, pamoja na ndugu anayezijua alama zake.

2. Tukiweka video au televisheni, tuchague mahali pasipo na ngazi. Mmoja akae karibu na asiyeona, amweleze kinachoonekana.

3. Watangazaji wakija na vinasa sauti na kamera, wasimhoji mzazi au jirani tu. Wamwulize mwenyewe. Tena wasimwulize ulemavu peke yake. Kama ni mkulima wa mahindi, wamwulize habari za mbolea na bei.

4. Redio za jamii zikitafuta vijana wa kujifunza utangazaji, wenye ulemavu nao wapelekwe. Kazi ya redio ni sauti, asiyeona anaiweza. Kiziwi anaweza kushika kamera.

Wengine watasema hao ni wachache. Lakini masikio na macho ya kila mmoja wetu huzeeka. Tena, mwaka 2009 nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kupata habari ni mojawapo ya haki hizo.

Haya, wiki hii kila kikundi kijiulize: kijijini kwetu nani hasikii? Nani haoni? Nani hawezi kutembea? Na nani huwapelekea habari? Tukishapata majibu, tugawane kazi siku hiyo hiyo.