SPRINGI IKIKATIKA, MZIGO UTAKWENDA WAPI?

Hotuba aliyoitoa fundi mmoja wa karakana mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



 Mmezoea kusikia hapa habari za mishahara na saa za kazi, na pengine mwashangaa kwa nini leo mmeitwa kusikiliza habari za springi. Nitawaambia sababu, nayo si ya kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa fundi katika kiwanda kimoja. Palikuwa na mashine ya kuchanganyia unga, na mfuniko wake wa chuma ulikuwa na uzito wa kadiri ya kilo 30. Mfuniko huo ulishikwa juu na springi moja tu ya kuvutwa. Siku moja kulabu ya springi ile ikakatika. Stoo hapakuwa na spea, na msimamizi alitaka kazi iendelee. Basi nikakata mizunguko iliyoharibika, nikapasha waya moto kwa gesi mpaka ukawa mwekundu, nikakunja kulabu mpya. Mashine ikafanya kazi, nami nikasifiwa. Siku ya tisa mwenzetu mmoja alikuwa akisafisha ndani, kulabu yangu ikakatika, mfuniko ukaanguka. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Tangu siku ile nimejifunza habari za springi kwa bidii, na haya ndiyo ninayotaka kuwapa.

Springi ya kuvutwa ni ile ambayo mizunguko yake imekaa imeshikana, na ina kulabu kila upande. Kazi yake ni kurudisha kitu kilichovutwa. Ni nyembamba, ni nyepesi, bei yake si kubwa, na huweza kurefuka sana. Lakini ina udhaifu wake. Kwanza, mahali waya unapopinda kuwa kulabu ndipo panapopata taabu kubwa kuliko pengine pote, na mara nyingi hapo ndipo inapokatikia. Pili, haina kizuizi ndani yake. Ukiivuta kupita kiasi itaendelea kurefuka tu mpaka ishindwe kurudi. Tatu, ikikatika, mzigo unaachiliwa palepale, na vipande huruka kama jiwe la teo.

Springi ya drobaa imetengenezwa kwa njia nyingine. Katikati yake ni springi ya kubanwa, ambayo mizunguko yake imeachana. Ndani yake hupita vyuma viwili vilivyokunjwa mfano wa herufi U. Kila chuma huingia upande mmoja, hupita ndani ya springi, na hushika mwisho wa upande wa pili. Ukivuta vyuma hivyo viachane, springi iliyo katikati inabanwa. Mzigo ukizidi, mizunguko hugusana, na springi husimama hapo ikawa kama chuma kitupu. Tena, hata waya wa springi ukikatika, vipande vyake hubaki vimebanwa kati ya vyuma viwili, na mzigo haudondoki. Utashuka kidogo, kisha utashikwa, maadamu vyuma vyenyewe ni vizima. Kwa hiyo springi hii hutumiwa pale ambapo mzigo ukiachiliwa ghafula utaumiza watu, kama bembea na vitu vilivyoning'inizwa. Ubaya wake ni kwamba ni nene, ni nzito, na hairefuki sana.

Basi, ndugu, mtu akichagua springi, swali la kwanza lisiwe, "Je, ina nguvu gani?" Swali la kwanza liwe, "Ikikatika, mzigo utakwenda wapi?" Ikiwa ni kurudisha pedeli au mkono mdogo wa mashine, springi ya kuvutwa yatosha. Ikiwa chini ya mzigo kuna mkono, kichwa au mguu wa mtu, fikirini drobaa.

Baada ya hapo ndipo tupime nguvu. Chukueni springi ya kuvutwa, itundikeni, mwongeze uzito kidogo kidogo. Mwanzoni haitafunguka hata kidogo, kwa kuwa mizunguko yake imebanana. Tuseme imeanza kufunguka kwa kilo 5, na kwa kilo 15 imerefuka sentimita 5. Maana yake kila sentimita yataka kilo 2. Ukiivuta sentimita 8, itavuta kilo 5 za mwanzo na kilo 16 zaidi, jumla kilo 21. Kanuni hii ya kurefuka sawasawa na uzito ilichapishwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678, na mpaka leo ndiyo tunayoitumia.

Kisha tazameni waya. Waya wa milimita 5 mahali pa waya wa milimita 4, mengine yote yakiwa sawa, hufanya springi iwe ngumu karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo msichague kwa macho. Pimeni kwa kalipa. Nayo springi yenye mizunguko 40, ukiikata ibaki 30, huongezeka ugumu kwa theluthi moja.

Sasa mtaona makosa yangu. Nilipokata mizunguko, springi ikawa fupi, ikalazimika kuvutwa zaidi ili ifike mahali pake. Tena ikawa ngumu zaidi, hivyo kulabu ikabeba taabu mara mbili. Na moto wa gesi uliharibu ugumu wa chuma mahali palepale penye taabu hiyo. Haikuwa bahati mbaya. Ni mimi niliyeitengeneza ajali ile.

Kwa hiyo nawaomba mshike mambo haya. Msikate springi wala kuikunja kwa moto. Kulabu ikikatika, springi imekufa. Kila mara mkiondoa mzigo, tazameni mizunguko ya springi ya kuvutwa. Ikiwa ilikuwa imeshikana na sasa mwanga unapita katikati, itupeni. Karibu na pwani, penye hewa ya chumvi, takeni chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa kutu hula waya na kufungua mlango wa ufa. Springi ndefu ya kuvutwa ipitishiwe kamba ya waya ndani, nayo ifungwe kwenye chuma imara pande zote mbili, ili vipande visiruke. Na hata kama springi ni ya drobaa, mtu asiingize mkono chini ya mfuniko kabla ya kuweka gongo la kuuegemeza.

Mtaniuliza, "Je, msimamizi akikataa kununua spea?" Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Tena penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Pelekeni habari huko, na muilete hapa chamani.

Siku ile mimi nilinyamaza, nikachukua gesi. Springi mpya ingekuwa bei ndogo sana kuliko vidole vya mwenzangu. Ninyi msinyamaze.