Matende na Mabusha

Waumini wenzetu, nanyi majirani zetu wa Nyangamara,

Mlangoni mwa hekalu sote huvua viatu. Wapo wanaobaki nje kwa kuonea haya mguu uliovimba. Hao ndio tunaowakusudia.

Matende si uchawi, wala busha halitokani na kunywa madafu, ijapokuwa pwani nzima husema hivyo. Mbu humwambukiza mtu minyoo midogo mno, nayo hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu, hata maji ya mwili yakakosa njia. Dawa ambazo Serikali ilianza kuzigawa Mafia mwaka 2000 huua minyoo michanga iliyomo damuni. Uvimbe uliokwisha kukomaa haziuondoi.

Busha hupasuliwa: maji hutolewa, na mfuko wake hukatwa au kugeuzwa usijae tena. Kulitoboa kwa sindano tu hakufai, hujaa upya. Mguu ni jambo jingine, kwani upasuaji wake ni mgumu na haumfai kila mgonjwa. Uoshwe kila siku kwa sabuni, ukaushwe hata baina ya vidole, uinuliwe wakati wa kupumzika. Mchubuko usidharauliwe, humo hupenya vijidudu viletavyo homa na kuzidisha uvimbe.

Wanaume huficha busha miaka mingi, hata wakaacha shamba na baraza. Waende hospitali, nasi wenye magari tuwapeleke.