Kenny Dalglish: Mchezaji Aliyekabidhiwa Ofisi

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniandikia barua ikiniomba nizungumze juu ya uongozi kazini. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali, nadhani kamati ilitegemea nije na kanuni za utumishi. Nimekuja na mcheza mpira. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba sasa ni saa nane mchana na sote tumetoka kula pilau, na kanuni za utumishi zingewalaza hata waliozitunga. Sababu ya pili ni kwamba katika kusoma kwangu habari za viongozi, nimeona wachache ambao maisha yao yanaonyesha uzito wa kukabidhiwa watu kama maisha ya Mskoti huyu.

Kenneth Dalglish alizaliwa mjini Glasgow tarehe 4 Machi 1951. Glasgow ina timu mbili kubwa, Rangers na Celtic. Utani wa Simba na Yanga mnaujua. Wa Glasgow una ukali zaidi, kwani umechanganyika na dini, Waprotestanti huku na Wakatoliki kule. Kijana Kenny alikuwa mshabiki wa Rangers tangu utotoni, lakini waliokuja kubisha hodi walikuwa Celtic. Yasimuliwa kwamba mjumbe wa Celtic alipofika nyumbani kwao, kijana alikimbilia chumbani kubandua picha za Rangers ukutani. Alitia saini mwaka wa 1967, mwaka ule ule Celtic walipokuwa timu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Ulaya. Hawakumwingiza kikosini. Walimpeleka kwanza kwenye timu ndogo ya Cumbernauld United, naye huku nyuma akijifunza useremala. Wadogo zangu mnaodhani kipaji kinatosha, hilo la useremala mlichukue.

Ya uchezaji wake nitayapita upesi, ingawa najua ndiyo mnayoyataka. Hakuwa na mbio. Nguvu yake ilikuwa kuupokea mpira akiwa amempa beki mgongo, kumzuia kwa kiuno, kisha kugeuka wakati beki bado anatafakari. Akiwa Celtic alitwaa ubingwa wa Uskoti mara 4. Agosti 1977 Liverpool walimnunua kwa pauni 440,000, bei ambayo timu ya Uingereza ilikuwa haijapata kuitoa, ili azibe pengo la Kevin Keegan aliyekwenda Hamburg. Mwaka uliofuata, Wembley, bao lake moja liliwashinda Club Brugge katika fainali ya Kombe la Ulaya: alingoja kipa alale, akauinua mpira juu yake. Aliichezea Liverpool mechi 515 na kufunga mabao 172. Kwa nchi yake alifunga mabao 30, sawa na Denis Law, naye alikuwa Mskoti wa kwanza kufikisha mechi 100.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika mahali paliponifanya nimchague.

Tarehe 29 Mei 1985 Liverpool walikuwa Brussels, uwanja wa Heysel, kucheza fainali ya Ulaya na Juventus. Kabla ya mchezo kuanza, washabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa, wengi wao Waitaliano. Meneja Joe Fagan alikuwa tayari ameamua kustaafu baada ya mechi hiyo. Aliyetangazwa kumrithi ni Dalglish, mwenye umri wa miaka 34, na aliambiwa aendelee kucheza pia. Sisi wa maofisini tunajua makabidhiano: unapewa funguo, unapewa mafaili, na ndani ya faili mojawapo kuna jambo ambalo hakuna anayetaka kulishika. Yeye alikabidhiwa klabu iliyokuwa inaona aibu mbele ya dunia, na timu za Uingereza zikafungiwa kucheza Ulaya.

Tena alipewa kuwaongoza wenzake wa jana. Nahodha Phil Neal naye alikuwa ameitumaini nafasi ile. Unahodha ukahamia kwa Alan Hansen, na kabla mwaka haujaisha Neal akaondoka kwenda Bolton. Aliyewahi kupandishwa cheo juu ya watu aliokuwa akinywa nao chai atajua maana yake. Lakini klabu ilifanya jambo moja la busara: ilimweka mzee Bob Paisley, meneja wa zamani, awe mshauri wake. Msimu ukaisha Mei 1986 kwa Dalglish mwenyewe kufunga bao pekee dhidi ya Chelsea, lililowapa ubingwa, na siku 7 baadaye wakawafunga Everton 3-1 na kuchukua Kombe la FA.

Kisha ikaja tarehe 15 Aprili 1989. Mjini Sheffield, uwanja wa Hillsborough, nusu fainali na Nottingham Forest. Polisi walifungua lango kubwa ili kupunguza msongamano wa nje, watu wakamiminika katika vizimba vilivyokwisha jaa, na mbele yao kulikuwa na uzio wa chuma. Mchezo ulisimamishwa saa tisa na dakika sita. Waliokufa kwa maafa yale, pamoja na waliofariki baadaye kwa majeraha, ni 97. Mtoto wa Dalglish mwenyewe, Paul, alikuwa miongoni mwa watazamaji, alipona.

Alifanya nini meneja? Klabu ilifungua uwanja wa Anfield, nyasi zikafunikwa na maua. Alikwenda na wachezaji kuwaona majeruhi hospitalini. Akahakikisha kwamba kila mazishi yana mtu wa klabu, na yeye na mkewe Marina wakahudhuria mengi, siku moja mazishi manne. Hakuna kanuni ya ajira iliyomtaka afanye hivyo. Wakati huo huo polisi na gazeti moja kubwa walikuwa wakiwasingizia marehemu kwamba walijiua wenyewe kwa ulevi na fujo. Familia zilipigania ukweli hadi mwaka wa 2016, baraza la wazee wa mahakama lilipotamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na kwamba washabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27! Mimi niliyezoea kuona mafaili yakikaa, hilo limenitia simanzi.

Mwaka wa 1990 alichukua ubingwa wake wa tatu akiwa meneja. Nje alionekana mzima. Ndani alikuwa amechoka, hata mwili ukatoka mabaka. Tarehe 20 Februari 1991 Liverpool walitoka sare 4-4 na Everton katika Kombe la FA, mara nne wakiongoza na mara nne wakirudishiwa. Siku mbili baadaye akajiuzulu, na timu ikiwa juu ya msimamo wa ligi. Sisi tuna neno letu zuri, kung'atuka, tulilopewa na Mwalimu. Wapo walionung'unika kwamba amekimbia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kiti kile kilikuwa na heshima na mshahara, na nimewaona watu wakishikilia viti vidogo kuliko kile huku afya yao inawaishia. Liverpool wenyewe walikaa hadi mwaka wa 2020 ndipo wakapata tena ubingwa wa ligi.

Nawaona vijana wa Manchester United wanatabasamu. Ngojeni.

Oktoba 1991 alikwenda Blackburn, timu ya daraja la pili iliyokuwa na tajiri wa chuma, Jack Walker. Akaipandisha, akamnunua Alan Shearer, na tarehe 14 Mei 1995 akarudi Anfield kwa mechi ya mwisho ya ligi. Blackburn walifungwa 2-1 na Liverpool. Lakini Manchester United wakashindwa kuwafunga West Ham, na Blackburn wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1914. Nilikuwa kidato cha pili hapa hapa, na redio ya bweni ilikuwa moja.

Yaliyofuata hayakuwa na utamu huo. Newcastle walimwondoa mwaka wa 1998, Celtic alikaa kidogo, Liverpool wakamwita tena Januari 2011, akawapa Kombe la Ligi mwaka 2012, na Mei ile ile wakamwachisha kazi. Hakususa. Mwaka uliofuata alirudi kama mkurugenzi, na mwaka wa 2017 jukwaa moja la Anfield likapewa jina lake.

Ndugu Mwenyekiti, naona nahodha wa wanafunzi ameshavaa viatu, na sisi wazee bado hatujapata kipa.