Kazi ya Wazee Katika Shamba la Bwana

Katika siku hizi za jubilei tumewasifu waliotutangulia, na ni haki yao. Lakini leo twataka kunena habari za wazee walio hai, wale waketio barazani kengele ya kanisa inapolia.

Neno linalotusumbua ndilo hili. Mwalimu wa serikali afikapo miaka 60 hustaafu kwa sheria. Hupewa kiinua mgongo, humaliza nyumba yake, kisha wengine hujifungia humo kana kwamba Mungu naye amewafuta katika daftari lake. Sheria ile ni njema, maana vijana nao wahitaji nafasi. Lakini ubatizo hauna kustaafu.

Kalebu alikuwa na miaka 85 alipomwendea Yoshua, wala hakuomba kivuli cha kupumzikia. Aliomba mlima, tena mlima wenye adui. Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, hakuwa na cheo hekaluni; kazi yake ilikuwa kufunga na kusali, na kuwaambia watu habari za Mtoto. Twawataja wote wawili kwa kusudi. Wako wazee wenye magoti imara, na wako wasioweza kutoka kitandani, nao wote wamepewa kazi.

Wala tusiseme hayo ni ya kale. Trevor Huddleston alikuwa Askofu wa Masasi tangu 1960 hata 1968. Alipostaafu mwaka 1983, umri wake miaka 70, hakutafuta bustani ya kutunza maua; alizidi kupigana na ubaguzi wa Afrika Kusini, hata akauona ukianguka mwaka 1994. Na Mwalimu Nyerere, alipoacha urais mwaka 1985, alirudi Butiama kulima. Huko alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, na vitabu vile vilitolewa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Ndanda ni jirani zetu! Tena alikuwa akiwapatanisha Warundi hata kifo chake mwaka 1999.

Mtasema, hao ni wakubwa. Basi tutazame mashamba yetu. Mkorosho mkuukuu uliopungua kuzaa, mkulima mwenye akili haung'oi. Huukata shina, na machipukizi yake huyabebesha vikonyo vya mkorosho bora. Nao, kwa kuwa mizizi imekwisha kushuka chini, huwahi kuzaa kuliko mche mpya. Mwalimu mstaafu ana mizizi ya namna hiyo. Ajua kumfundisha mtoto asiyeelewa upesi, na nyumba nyingi zamheshimu kwa kuwa aliwafundisha baba zao kusoma. Na watoto waliolisikia gari la moshi la Nachingwea kabla reli haijafungwa mwaka 1962, leo wamepita miaka 70. Ni nani atakayewaandika maneno yao, na ya kanisa la kwanza la kila kijiji, wasipoulizwa sasa?

Lakini hatusemi kwamba mzee ashike ufunguo wa sanduku la kanisa mpaka afe nao. Hilo twalijua sana, nalo limevunja mitaa mingine. Kazi si cheo. Mzee na amwachie kijana kiti cha mwenyekiti, naye afundishe wakatekumeni, azuru wagonjwa, apatanishe mume na mke, asimamie watoto wa ubatizo kwa kweli, si kwa siku moja ya picha.

Nanyi vijana, msiwaite wazee siku ya harambee tu. Bibi aleaye wajukuu watatu yatima anafanya kazi ya Kanisa kuliko kwaya nzima. Mpelekeeni kuni na maji, apate saa ya kusali.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa kila mtaa, kabla ya msimu wa korosho kuanza, wapite nyumba kwa nyumba wawaandike wastaafu na wazee, na kando ya kila jina waandike kazi aliyoichagua mwenyewe. Asiyeweza kutembea apewe majina ya wagonjwa wa kuwaombea, nayo yabadilishwe kila Jumapili.