Jiji Lipimwe Kutoka Chumba cha Mpangaji



Kila mwaka hutangazwa orodha ya majiji yanayofaa zaidi kuishi duniani. Katika ile ya Economist Intelligence Unit, Vienna iliongoza mwaka 2022, 2023 na 2024, kisha Copenhagen ikashika nafasi hiyo mwaka 2025. Hupimwa usalama, afya, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu. Sina ugomvi na vipimo hivyo. Nauliza tu vinampimia nani, kwa sababu kampuni kubwa huzitumia orodha hizi kukadiria posho ya mfanyakazi anayehamishiwa ugenini. Mara nyingi mtu huyo huja amekwisha kulipiwa nyumba na matibabu. Jioni ya leo naomba tulipime Dar es Salaam tukiwa tumekaa na mtu mwingine kabisa: mpangaji wa chumba kimoja Manzese, Tandale au Buguruni.

Huyu ndiye mkazi wa kawaida wa jiji letu. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 270,000 hapa. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Mipango mikuu ya 1949, 1968 na 1979 iliandaliwa na kampuni za Uingereza na Kanada, lakini watu walikuja kwa kasi zaidi ya ile ya kupima viwanja, wakajijengea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya wakazi iko katika makazi yasiyopangwa. Wanaowaita waliojenga humo wavamizi wanawakosea. Wengi walinunua ardhi yao kihalali machoni pa majirani, mbele ya mjumbe na mashahidi.

Tuanze na kodi. Mpangaji wetu hulipwa kwa mwezi, na pengine kwa siku. Mwenye nyumba hutaka miezi sita mkononi, wakati mwingine mwaka mzima, na dalali naye anangoja chake. Fedha hiyo hutoka wapi? Hutoka kwenye mchezo wa kuchangiana fedha na wenzake, na ukikosekana, kwenye mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Kwa hiyo hata kabla hajahamia ameshaingia deni kwa ajili ya chumba ambacho choo chake ni cha watu wa vyumba vyote.

Maji huyanunua kwa dumu la lita 20. Kwa kila lita hulipa zaidi kuliko mwenye bomba la mamlaka ya maji ndani ya nyumba, na hili linanikera kuliko mambo mengine yote nitakayoyasema leo: katika jiji hili, asiye nacho ndiye anayetozwa bei ya juu. Masika yakianza, baadhi ya watu hutapisha vyoo ili mvua ibebe uchafu. Si ukatili wa mtu mmoja. Gari la kunyonya majitaka halipiti vichochoroni, na gharama yake ni kubwa. Hatari ya uchafu tunaijua: Agosti 2015 kipindupindu kilizuka hapa Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi ya nchi.

Halafu kuna safari. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, wafanyakazi wengi walirudishiwa muda wa kuwaona watoto wao wakiwa macho. Nalisema kwa furaha. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na kila mafuriko makubwa yakija barabara hufungwa na huduma husimama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na baadhi ya waliopoteza makazi mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na shughuli zilizowalisha. Fidia ya ardhi na jengo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji hana ardhi wala jengo, ana godoro na sufuria zilizochukuliwa na maji.

Turudi Vienna. Jiji lile halikuanza na bustani nzuri za kuwapendeza wageni. Mwaka 1923 lilianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba iliyowabana zaidi wenye majumba ya kifahari, na hadi 1934 likawa limejenga nyumba zaidi ya 60,000 za kupangisha. Karl-Marx-Hof, jengo lililozinduliwa 1930, lilikuwa na sehemu za kufulia, mabafu, shule za chekechea na maktaba, kwa ajili ya wafanyakazi. Kuongoza orodha kulikuja baadaye sana.

Hapa kwetu Magomeni Kota imeonyesha kwamba inawezekana: familia 644 za wakazi wa zamani zilingoja kwa miaka mingi, lakini zikajengewa maghorofa palepale nyumba zao zilipobomolewa, yakazinduliwa Machi 2022. Ningependa mfano huo ufuatwe, bila kungoja kule.

Wanafunzi wangu, kazi nyingine ni yenu. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, vijana wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wananchi kuchora ramani za kata zinazofurika: mitaro, vichochoro, nyumba. Sasa endeleeni hadi mlangoni mwa mpangaji. Andikeni bei ya dumu katika kila mtaa, miezi ya kodi inayodaiwa, idadi ya watu kwa choo kimoja, na dakika za kutoka kitandani hadi kazini. Takwimu hizo zifike kwenye baraza la madiwani kabla bajeti haijapitishwa, na zipelekwe na wapangaji wenyewe.