Kumpa Kuku Vifaranga Asiowaangua

(Mazungumzo yaliyotolewa na mjumbe wa kikundi cha kina mama mbele ya wanachama. Yanabandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)



Nimeombwa niseme juu ya vifaranga wa siku moja, wale tunaowanunua mjini wakiwa ndani ya boksi. Nitashika jambo moja: namna ya kumkabidhi kuku anayeatamia vifaranga hao, awalee kama wake. Nimelichagua kwa sababu ya fedha. Kahawa hulipwa kwa msimu. Mayai na kuku ndio huleta senti za chumvi, sabuni na madaftari katikati ya msimu, na senti hizo mara nyingi zimo mkononi mwa mama. Vifaranga wakifa, zimekwenda.

Adui wa kwanza wa kifaranga huku juu kwetu ni baridi. Kifaranga wa siku moja ana malaika tu, hana manyoya. Juma la kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Sasa mwezi wa saba, Kidia na Tsuduni, ukungu umelala juu ya migomba, joto hilo utalitoa wapi? Wako wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Jamani, hewa ya mkaa haina harufu na inaua, na humohumo wamelala watoto. Taa ya umeme ni nzuri, lakini umeme ukikatika saa saba ya usiku, asubuhi utawakuta wamelundikana kona moja, na waliokuwa chini wamekufa kwa kukosa hewa.

Kuku mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, wala hadai mkaa wala luku. Ninamsema yule wetu wa kienyeji, mdogo, anayetaga mayai machache kisha anang'ang'ania kiota. Tumeanza kumdharau tangu walipokuja chotara. Lakini kuku wa mayai wa kisasa amechaguliwa kizazi hata kizazi asiatamie, maana kuku akiatamia hatagi. Ukimchinja huyu wa kienyeji kwa sababu hatagi sana, umemchinja yaya.

Basi, msinunue vifaranga kwanza ndipo mtafute kuku. Hesabu inaanzia kwa kuku. Yeye huatamia siku 21. Siku za mwanzo moyo wake bado haujatulia, na ukimletea kifaranga anaweza kumdonoa. Mngoje atimize majuma mawili, na vizuri zaidi yakaribie matatu. Kama huna mayai ya kumwekea, mwachie mawili matatu hata yaliyoharibika, mradi alalie kitu. Ila usimkalishe muda mrefu kupita siku zake, kwa kuwa kuku anayeatamia hula kidogo sana na hukonda. Kila siku mtoe kiotani ale mahindi na anywe maji.

Mjaribu hivi: ingiza mkono chini yake. Akijifutua manyoya, akaguna, akakudonoa na asiondoke, huyo ameatamia kweli. Akiruka na kukimbia huku akipiga kelele, mwache aende zake. Chunguza pia utitiri chini ya mbawa, na weka majivu makavu kiotani, maana utitiri wa mama utahamia kwa watoto usiku uleule. Na chanjo ya kideri awe ameipata kabla hajaanza kuatamia.

Siku mbili kabla ya vifaranga kufika, mhamishe usiku, yeye na mayai yake, mahali pa peke yake: tenga kubwa, au kona iliyozibwa ambapo kuku wengine hawaingii. Vifaranga wawe wa siku moja hadi tatu, si zaidi. Kifaranga katika siku hizo ndipo anapojifunza mama ni nani. Wa mashine hajasikia sauti ya kuku tangu akiwa ndani ya yai, lakini siku hizo akiisikia ataifuata. Akipita juma moja, kuku atamwona mgeni, na yeye mwenyewe atamkimbia kuku.

Kazi yenyewe ni ya usiku. Saa tatu hivi, nyumba imetulia, shika tochi yenye mwanga hafifu. Vifaranga wawe wamekwisha kunywa maji na wana joto, maana kifaranga wa baridi hulia sana na humsumbua mama. Toa yai moja, ingiza kifaranga mmoja kwa nyuma chini ya bawa. Toa la pili, ingiza wa pili. Kisha zima tochi usikilize. Akitoa ile sauti ya chini, ko-ko-ko ya kubembeleza, amepokea. Baada ya nusu saa ingiza waliobaki na utoe mayai yote. Kudonoa mara moja kidogo si kitu. Akipiga kichwani kwa nguvu, watoe wote usiku huohuo, wala usimwonee haya.

Wengi huenda kulala hapo. Hapana! Hatari iko alfajiri, anapowaona kwa macho. Saa kumi na moja uwe umekaa karibu naye. Kama ameangua wake wawili weusi nawe umemwongezea weupe, hapo ndipo atabagua. Akipewa wote kwa pamoja hana cha kulinganisha. Siku ya kwanza na ya pili wafungie pamojanae mahali pembamba, wajifunze kuingia chini yake wakisikia baridi. Maji weka kwenye kisahani chenye kokoto wasizame.

Idadi? Kumi hadi kumi na wawili kwa baridi yetu. Usiku mulika: ukiona migongo iko nje ya mbawa, umezidisha.

Kifaranga naye achanjwe kideri. Ile chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kwa mdogo na mkubwa sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Niliulizwa kama kuku atapokea bata. Atapokea, kwa njia hiihii. Lakini wakifika kwenye mfongo watoto wataingia majini, na mama yao atabaki ukingoni akipiga kelele mpaka majirani watoke. Msicheke, huyo anadhani watoto wanakufa.

Sasa ombi langu. Boksi la vifaranga 100 ni mzigo kwa mtu mmoja. Kwa kuku tisa ni kazi ya usiku mmoja. Chini ya bango hili kuna karatasi. Mwenye kuku aliyeanza kuatamia aandike jina lake na tarehe kuku alipoanza. Wakipatikana tisa ambao tarehe zao zimepishana siku nne au tano tu, katibu ataagiza boksi moja, tugawane siku ileile linapofika. Penseli imefungwa kwa uzi. Tafadhali isiondolewe.